Nicodemus, Kijiji cha Wakulima Katika Mbuga za Kansas

Msafiri atokaye Hill City, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, akifuata barabara kuu namba 24 kwenda mashariki, huona mashamba pande zote mbili mpaka macho yakachoka. Nchi ni wazi, miti ni michache nayo hujikusanya kando ya mito, na upepo huvuma usikutane na kizuizi. Baada ya mwendo mfupi wa gari huyaona majengo machache kando ya barabara: makanisa mawili ya zamani, ukumbi wa mawe, shule ya mbao iliyofungwa, nyumba kadhaa za kuishi, na kati yake viwanja vitupu vilivyoota majani. Akiwa na haraka atapita bila kujua kwamba amepita mahali. Hapo ndipo Nicodemus. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walihesabiwa hapo watu 14.

Kwa sheria mahali hapo si mji. Hapana meya wala baraza la mji, na mambo yake huendeshwa na tarafa pamoja na wilaya ya Graham, sawasawa na mashamba yanayopazunguka. Kwa ajili hiyo hesabu ya watu wa Nicodemus imekuwa na utata tangu zamani. Mara nyingi hesabu iliyoandikwa ilikuwa ya tarafa nzima, mashamba na kijiji pamoja, na mtu aliyelima maili sita kutoka kanisani alijiita mtu wa Nicodemus bila kuulizwa na yeyote. Ni vyema jambo hilo likumbukwe kila itajwapo hesabu ya mahali hapo, maana tarakimu zake zina desturi ya kuficha zaidi ya zinavyoonyesha.

Watu walioianzisha walikuwa weusi, na walio wengi walitoka jimbo la Kentucky, hasa pande za Georgetown na Lexington. Walikuwa wamezaliwa katika utumwa. Hali ya Kentucky ilikuwa ya peke yake. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe jimbo hilo halikujitenga na serikali ya Marekani, na kwa hiyo tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863, lililowapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi, halikuwahusu watumwa wa Kentucky hata kidogo. Isipokuwa wale waliojipatia uhuru kwa kuingia jeshini, na wale walioachiliwa kwa njia nyingine, watumwa wa huko waliongoja mpaka Desemba 1865, sheria ya msingi ya nchi ilipobadilishwa, walikuwa maelfu kwa maelfu. Walipopata uhuru hawakupewa ardhi. Walilima mashamba ya wale wale waliokuwa mabwana zao, kwa ujira mdogo au kwa kugawana mavuno, na usiku waliogopa magenge ya watu wenye bunduki waliowapiga na kuwaua. Miaka 12 ilipita hivyo.

Upande mwingine wa nchi kulikuwa na ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1862 mtu yeyote aliyekuwa mkuu wa nyumba, au aliyetimiza miaka 21, aliweza kuandikisha eka 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo. Sharti lilikuwa akae hapo na kulima kwa miaka mitano, ndipo apewe hati iwe mali yake. (Ardhi hiyo ya serikali ilikuwa ya wenyeji wa asili wa nchi ile, waliosukumwa nje kwa mikataba na kwa silaha. Sheria haikusema neno juu yao.) Mtu mweusi hakukatazwa. Kwa mtu aliyelima maisha yake yote ardhi isiyo yake, eka 160 zilikuwa jambo la kumnyima usingizi.

Mwezi wa Aprili 1877 watu saba waliunda kampuni ya kujenga mji mpya kaskazini-magharibi ya Kansas, karibu na tawi la kusini la mto Solomon. Sita walikuwa weusi, mmoja mweupe. Mweupe huyo alikuwa W. R. Hill, mwuza viwanja, hodari wa maneno. Rais wa kampuni alikuwa Mchungaji W. H. Smith, na mwandishi wake Mchungaji Simon P. Roundtree. Jina walilouchagulia mji wao lilikuwa Nicodemus. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka mara moja Nikodemo, yule mkubwa wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku, na wako waaminio kwamba ndiye aliyetajwa. Lakini wengi wa ukoo wa walowezi wale husema Nicodemus wao ni mwingine, mtumwa wa katika masimulizi, mwana wa ukoo wa kifalme aliyeletwa kutoka Afrika akainunua nafsi yake kwa fedha yake mwenyewe. Habari za mtumwa wa jina hilo zilikwisha kuimbwa pia katika wimbo wa Henry Clay Work wa mwaka 1864. Hakuna aliyeamua shauri hilo mpaka leo, wala pengine hakuna haja.

Matangazo yalichapwa. Moja la tarehe 2 Julai 1877 liliwaita raia weusi wa Marekani waje wachukue ardhi katika bonde la Solomon, likisifu rutuba ya udongo na uzuri wa maji na hewa. Jingine lililobandikwa Lexington lilisema kwamba watu weusi wapendao kwenda Kansas tarehe 5 Septemba wangeweza kufanya hivyo kwa dola 5. Bwana Hill mwenyewe alikwenda Kentucky akasimama makanisani akaeleza. Udongo ulikuwa na rutuba kweli, na hapo hakusema uongo. Alichonyamazia ni kwamba mji huo haukuwa na nyumba hata moja ya kukaa watu hao.

Septemba ile watu kama 300 walipanda gari la moshi. Reli iliwafikisha Ellis, na kutoka hapo waliendelea kwa miguu na kwa magari machache ya kukokotwa na farasi, maili kama 35 katika nyika isiyo na barabara. Siku ya kufika inayokumbukwa ni tarehe 17 Septemba 1877. Waliyemtafuta hawakumwona, yaani mji. Kulikuwa na majani marefu, anga kubwa, na watu wachache waliotangulia ambao walikuwa wamechimba mashimo katika miteremko ya ardhi na kuyaezeka kwa matawi na madongo ya udongo. Hakukuwa na mbao, maana miti ilikuwa michache mno. Wengine walitaka kumnyonga Hill, naye, kwa masimulizi ya wazee, alijificha mpaka hasira zilipopoa. Wengine, husemwa familia kama 60, hawakufungua hata mizigo yao. Waligeuka wakarudi walikotoka au wakatafuta kazi katika miji ya mashariki ya Kansas.

Waliobaki walichimba. Nyumba zao zilikuwa mashimo ya chumba kimoja, na wenye bahati walikuwa na dirisha moja la kioo mbele. Mbuga ile haina kuni, kwa hiyo walichoma mashina ya alizeti na kinyesi kikavu cha nyati. Miongoni mwao alikuwapo Emma Williams, aliyetembea safari ile akiwa mjamzito. Mtoto wake Henry alizaliwa ndani ya shimo la namna hiyo, akawa mtoto wa kwanza wa Nicodemus, na kizazi chake kimelima ardhi ya huko muda mrefu baadaye.

Msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha pita walipofika, nao hawakuja na akiba. Baridi ya Kansas ni ya theluji na tufani, si baridi ya asubuhi ya kuota jua. Wajumbe walitumwa mashariki mwa jimbo kuomba chakula, nguo na mbegu, na watu wema wakatoa. Lakini habari isimuliwayo zaidi katika familia za Nicodemus ni ya wenyeji wa asili wa kabila la Osage, waliopita hapo wakirudi kutoka mawindoni. Watu wa kijijini walipowaona wapanda farasi wakija walijificha katika mashimo yao. Waosage wakawagawia nyama. Pengine ni haki kuiweka habari hiyo karibu na ile ya sheria ya ardhi, msomaji azitazame zote mbili pamoja.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1878 kundi jingine lilifika kutoka Georgetown, likiongozwa na Mchungaji Daniel Hickman. Mkewe, Willina Hickman, aliishi miaka mingi, na katika uzee wake alisimulia safari ile. Ni kwa kinywa chake, zaidi ya kwa kitabu chochote cha serikali, kwamba kufika Nicodemus kunajulikana.

Watoto wake walishikwa na surua njiani. Walipofika Ellis kupata mahali pa kulala kulikuwa taabu kwa sababu ya ugonjwa huo, mpaka wenzao walipofaulu kusimamisha hema, nayo ilikuwa mara ya kwanza ya mama huyo kulala hemani. Kambi ilikaa hapo kama majuma mawili, na watoto kadhaa wa kundi wakafa. Hilo alilieleza kwa maneno machache tu, kama walivyo watu wa umri wake waliozika watoto njiani. Kisha waliendelea siku mbili kwa magari ya farasi bila njia ya kufuata, isipokuwa mapito ya kulungu na mashimo waliyogaagaa nyati. Dira ndiyo iliyowaongoza. Usiku wanaume waliwasha mioto mikubwa wakaketi kuizunguka, wakipiga bunduki hewani ili wanyama wa mwitu wasisogee.

Siku ya pili alasiri wanaume wakapiga kelele kwamba Nicodemus inaonekana. Bibi Hickman alikuwa mgonjwa sana, naye alifurahi. Akainuka akatazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, asione kitu, akauliza mji uko wapi. Mumewe akamnyoshea kidole moshi uliokuwa ukifuka huku na huku kutoka ardhini, akamwambia kwamba ndiyo huo. Watu walikuwa wakiishi chini ya ardhi kama panya. Mama huyo akaanza kulia.

Habari hii huishia hapo kila inaposimuliwa, nayo haikuishia hapo. Familia ya Hickman ilikwenda ikachukua shamba lake mbali na kijiji, ikakaa hapo karibu miaka 20, ikaliendeleza. Walikuja Nicodemus kwa ibada na kwa sherehe. Binti zake watatu walikuwa walimu katika shule za kijiji hicho na za jirani, nao walipendwa. Mama yao alisema mwenyewe kwamba siku na miezi na miaka ilipita, na mwishoni moyo wake ukapatana na mahali pale.

Kilimo cha mwaka wa kwanza kilifanywa kwa mikono. Farasi walikuwa wachache sana, na wenye plau walikuwa wachache vilevile. Ardhi ile haikuwa imelimwa tangu kuumbwa. Mizizi ya majani ilifungamana kama mkeka, na wanaume kwa wanawake waliipasua kwa sepetu, sururu na majembe ya mkono. Mtu aliyelima eka chache kwa namna hiyo alikuwa amefanya kazi ya mwaka. Wakulima wa Kentucky walijua tumbaku na katani, na mvua ya kutosha. Huku mvua ni kidogo na huja ikipenda, na jua la Julai huweza kukausha mahindi kwa juma moja la upepo wa moto. Walijifunza ngano na mtama taratibu, wakipoteza mavuno mengine na kuokoa mengine. Mwaka 1879 ile kampuni ya mji ilivunjwa, na watu wakakata shauri kuacha kuomba msaada. Walitaka pia isemwe wazi huko nje kwamba mtu asiye na kitu mkononi asije tena. Ni uamuzi mkali kwa watu ambao wenyewe walikuja na mikono mitupu mwaka mmoja na nusu uliotangulia, na mtu awezaye kuwalaumu ni yule tu aliyewahi kugawa chakula kisichotosha.

Shule haikungoja jengo. Jenny Smith Fletcher alifundisha watoto ndani ya nyumba yake ya shimo, na mumewe Zachary Fletcher alikuwa mkuu wa posta. Vitabu vilikuwa vile walivyokuja navyo watu, na wazee waliokatazwa kusoma katika utumwa hawakukubali watoto wao wakose.

Hesabu ya serikali ya mwaka 1880 iliwakuta katika tarafa ya Nicodemus watu weusi 258 na weupe 58. Ni wachache kuliko watu waliofika miaka mitatu nyuma, maana kila majira ya baridi yaliondoa wengine. Lakini hao 258 walikuwa wamekaa miaka ya kutosha, na hati za mashamba zilikuwa karibu.

Mmoja wa waliokuja mwaka 1878 hakuwa mkulima. Edward P. McCabe alikuwa amezaliwa Troy, jimbo la New York, mwaka 1850, akawa karani Chicago. Alifika kijana, amesoma, akijua kuandika barua ya kiserikali. Wilaya ya Graham ilipoundwa mwaka 1880 gavana alimteua kuwa karani wake wa muda, na mwaka 1882 wapiga kura wa Kansas nzima, walio wengi wao weupe, walimchagua kuwa Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo, wakamrudisha mwaka 1884. Hapakuwahi kuwa na mtu mweusi aliyechaguliwa kwa cheo cha jimbo zima huko Kansas kabla yake. Aliposhindwa kupata nafasi mara ya tatu alikwenda Oklahoma, akawa mwanzilishi wa mji wa Langston, na akafa maskini Chicago mwaka 1920. Nicodemus ilimwinua, naye hakurudi kukaa. Atakuwa wa kwanza wa wengi.

Katikati ya miaka ya 1880 mambo yalikuwa mazuri. Mvua zilinyesha vyema. Nyumba za mawe ya chokaa na za mbao zilisimama juu ya ardhi, na mashimo yakaachwa kuwa ghala za viazi. Fletcher alijenga hoteli iliyoitwa St. Francis. Palikuwa na makanisa, maduka ya vyakula na vifaa, na wafua vyuma. Na mwaka 1886 likatoka gazeti la kwanza la kijiji, Western Cyclone, likafuatwa mwaka 1887 na la pili, Nicodemus Enterprise. Magazeti mawili kwa kijiji cha ukubwa ule! Wafanya biashara weupe nao walikuja kufungua maduka, na haionekani kwamba mtu alijali sana nani jirani ya nani, mradi vitu vinauzwa.

Kitu kimoja kilikosekana, reli. Ngano isiyo karibu na stesheni huliwa faida yake na gari la farasi. Kila mji wa mbuga ile ulijua kwamba reli ikija utakuwa mji, na isipokuja hautakuwa. Kampuni za reli zilijua kwamba miji inajua, nazo ziliitoza ipasavyo. Mwaka 1887 wapiga kura wa tarafa ya Nicodemus waliidhinisha hati za mkopo za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ilete reli yake kupitia kwao. Mtu ayatazame fedha hizo vizuri. Ni watu ambao miaka kumi nyuma walikuwa wanakoka moto kwa kinyesi cha nyati. Walikubali deni lile liwe juu ya mashamba yao na ya watoto wao, na magazeti yao yakashangilia. Bei ya viwanja ikapanda.

Missouri Pacific haikuja. Kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga reli yake mwaka 1888, lakini iliipitisha kusini ya mto Solomon, ng'ambo, maili chache tu kutoka Nicodemus, na huko ikaweka stesheni iliyokuwa mji wa Bogue. Maili zile chache zilitosha. Wenye maduka walikata shauri upesi. Wengine hawakuacha majengo nyuma. Waliyang'oa, wakayapakia juu ya magari, wakayavusha mto wakayasimamisha upya karibu na reli. Magazeti yote mawili yakafa. Bwana Hill, kwa upande wake, alikuwa na mji mwingine tayari wenye jina lake, Hill City, ambao mwaka huohuo wa 1888 ulipata kuwa makao makuu ya wilaya.

Kumhukumu mtu huyu si rahisi. Aliwadanganya watu kwa kunyamaza, akapata ada zake. Lakini ardhi waliyoipata kwa njia yake ilikuwa ardhi ya kweli, na hati zilikuwa hati za kweli, na wengi waliodanganywa na watu weupe wa zamani zile hawakubaki hata na hicho. Watu wa Nicodemus wenyewe wamegawanyika juu yake mpaka leo.

Baada ya mwaka 1888 Nicodemus ilikuwa kile ilichokuwa kabla ya ndoto ya reli, yaani kituo cha wakulima. Waandishi wengi huruka kutoka hapo mpaka mwisho wake, kana kwamba hakuna aliyeishi katikati. Waliishi. Wenye mashamba hawakuweza kuyapakia juu ya magari. Walibaki, wakanunua eka za wale walioondoka, wakajenga kanisa jipya la Wabatisti la mawe mwaka 1907 na shule mpya mwaka 1918. Walikuwa na timu ya mchezo wa besiboli, Nicodemus Blues, iliyosafiri kucheza na miji mingine. Jumapili kijiji kilijaa magari ya farasi, na Jumatatu kilikuwa kitupu tena, kila mtu yuko shambani. Mhesabu watu aliyepita Jumatatu aliandika kijiji kidogo. Angalipita Jumapili angaliandika kingine.

Kilichowashinda wengi ni miaka ya 1930. Bei za mazao zilianguka, kisha mvua ikakoma mwaka baada ya mwaka, na upepo ukachukua udongo uliokuwa umepasuliwa na plau ukaufanya mawingu meusi yaliyoziba jua mchana. Mkulima mwenye deni benki hakuwa na namna. Kufikia mwaka 1935 kijijini walibaki watu 76. Serikali ilitoa kazi za ujira kwa wasio na kazi, na moja ya kazi hizo ilikuwa ukumbi wa tarafa, wa mawe ya chokaa, uliokamilika mwaka 1939. Ukumbi huo bado umesimama.

Vijana walikwenda vitani katika vita kuu ya pili, na waliorudi walitaka mishahara ya Denver, Topeka na Kansas City. Mashine zilifanya kazi ya watu kumi. Mwaka 1950 walihesabiwa kijijini watu 16. Posta ilifungwa mwaka 1953, na barua za Nicodemus zikawa zinapitia Bogue, jambo ambalo wazee waliokumbuka habari ya reli hawakulifurahia. Shule nayo ilifungwa mwaka 1960. Mmoja wa watoto wa mwisho mwisho waliolelewa katika mashamba yale, Veryl Switzer, alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa Kimarekani katika chuo kikuu cha jimbo la Kansas, akachukuliwa na timu ya Green Bay Packers mwaka 1954. Baadaye alirudi kuwa mkubwa katika chuo kile kile, na shamba la kwao Nicodemus hakuliacha. Alifariki mwaka 2022.

Kwa hesabu peke yake, basi, mahali hapa pamekuwa pakifa kwa zaidi ya miaka 130. Lakini kuna desturi moja ambayo hesabu haiioni. Tangu miaka ya mwanzo watu wa Nicodemus waliadhimisha tarehe 1 Agosti. Siku hiyo si sikukuu ya uhuru wa Marekani wala ya tangazo la Lincoln, ambalo, kama ilivyokwisha kusemwa, halikuwahusu watu wa Kentucky. Ni siku ambayo mwaka 1834 sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika visiwa vya West Indies. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakiisherehekea wakati wao wenyewe wangali watumwa, kwa kuwa ilikuwa dalili kwamba jambo hilo linawezekana. Walowezi walikuja nayo. Walichinja, wakaimba, wakacheza besiboli, wakala chini ya miti michache iliyokuwapo.

Posta ilipofungwa na shule ilipofungwa, sherehe haikufungwa. Iligeuka kuwa siku ya kurudi nyumbani. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, huja watu kwa mamia kutoka California, Colorado, Texas na kwingineko, wajukuu na vitukuu vya wale waliochimba mashimo. Wengi hawakuzaliwa hapo. Nyumba hazitoshi, hivyo hulala Hill City na Stockton, au husimamisha mahema, na ukumbi wa mwaka 1939 hujaa mpaka nje. Watu hawa ndio walioanzisha Chama cha Historia cha Nicodemus mwaka 1988. Serikali ya Marekani ilikwisha kupatambua mahali hapo kuwa pa kumbukumbu mwaka 1976, na tarehe 12 Novemba 1996 ikapafanya mahali pa historia ya taifa, chini ya ulinzi wa idara ya hifadhi za taifa. Majengo matano yametajwa: kanisa la Wabatisti, kanisa la Methodisti la Kiafrika lililojengwa mwaka 1885, hoteli ya Fletcher, shule na ukumbi. Leo mgeni hupokelewa na mtumishi wa hifadhi mwenye kofia pana, jambo ambalo Willina Hickman asingaliweza kuliwaza alasiri ile.

Ardhi ya wilaya hiyo sasa imo mikononi mwa wachache, na wakulima weusi wa ukoo wa walowezi wa kwanza wamebaki kuhesabika kwa vidole. Wengine waliohamia mjini hawakuuza. Hukodisha eka zao kwa majirani, na kila mwaka ngano ikiisha kuvunwa hupokea sehemu yao kwa posta, huko Denver au Kansas City.

Sherehe huisha Jumapili, baada ya ibada. Wageni huzuru makaburi, huwaonyesha watoto majina, hufunga mizigo. Jumatatu asubuhi barabara namba 24 huwa kimya tena, na wale wakazi wachache hufagia ukumbi.